Kisima chetu kinanuka mafuta: tutavijuaje visima, shule na chemchemi zote zilizo jirani?

#1 Jirani wa Korongo

Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Arusha, upande wa kusini wa mji, mahali ambapo ardhi inashuka kuelekea bondeni. Mtaa wenyewe sitautaja, kwa sababu jambo hili halijathibitishwa na sitaki mtu apoteze wateja kwa maneno yangu. Tangu masika yaanze, kisima cha nyumbani kwetu, ambacho kilichimbwa kwa sururu na kina urefu wa mita 14, kinatoa maji yenye harufu ya mafuta. Mama mkwe ndiye aliyegundua kwanza. Alipika uji wa mtoto, akauonja, akaumwaga, akasema sufuria imewekewa mafuta ya taa. Tulibishana juu ya sufuria kwa siku tatu kabla ya yeyote kati yetu kuinusa ndoo.

Juu yetu, kwa makadirio yangu mita 250, ipo sheli ya zamani iliyofungwa miaka mingi, na hakuna anayejua kama matangi yake ya chini yalifukuliwa. Kando yake zipo gereji mbili za wazi. Sikuja kutafuta mchawi. Ninachouliza ni nani mwingine anakunywa maji haya. Eneo letu lina visima vingi, lina shule ya msingi, lina chekechea, na kwenye korongo ipo chemchemi ndogo ambapo watu hufua. Nichore duara la ukubwa gani ili nisimwache mtu? Mwenyekiti wa mtaa ameniambia visima viko 7, lakini nikisimama juu ya paa letu nahesabu minara ya simtanki hadi nachoka.

#2 Fundi wa Pampu

Pole, ndugu. Mwenyekiti hakukudanganya, amekuhesabia visima vya watu waliokuja kumuaga kabla ya kuchimba. Visima virefu vya mtambo huombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi, kwa hiyo hivyo unaweza kuviulizia kwenye kumbukumbu zao. Kisima cha sururu huchimbwa nyuma ya uzio kwa wiki mbili, kikafunikwa kwa zege, na jirani hupata habari siku anapoona tangi limepanda.

Wanaovijua visima vyote ni watu wa aina tatu: mafundi pampu kama mimi, wazee waliokuwa wakichimba kwa mkono, na vijana wa mikokoteni wanaouza maji kwa madumu. Anza na hao vijana. Kijana wa mkokoteni atakuambia kisima kipi hukauka Januari, kipi maji yake hayatoi povu la sabuni, na kipi wateja wamekikataa kwa chai. Hilo la chai ndilo unalolitafuta.

#3 Mzee wa Miamba

Swali limeulizwa vizuri, nami nitalijibu kwa urefu kidogo kwa kuwa nilifanya kazi za maji chini ya ardhi hadi nilipostaafu.

Duara ni kianzio tu. Marekani, katika utaratibu wao wa kupima uzito wa maeneo yaliyochafuliwa ili wajue yapi yaanze kusafishwa, huhesabu watu wanaokunywa kutoka visima vilivyo ndani ya maili 4, yaani takriban kilometa 6.4. Umbali huo ni wa kuhesabia, haumaanishi kwamba uchafu umefika huko. Petroli yenyewe mara nyingi haisafiri mbali hivyo, kwa sababu bakteria wa ardhini huila njiani, na ukingo wake huishia makumi ya mita hadi mita mia chache kutoka kwenye tangi. Zipo kemikali nyingine, hasa zile za kufulia nguo kwa njia kavu na za kusafishia vyuma, ambazo haziliwi kirahisi, ni nzito kuliko maji, huzama, na husafiri mbali zaidi.

La pili ni mwelekeo. Kwa ujumla maji yetu hushuka kutoka Meru kuelekea kusini, na mito kama Themi hufuata njia hiyohiyo hadi Kikuletwa. Lakini ardhi ya volkano imepangwa kama chapati zilizobebana: lava, jivu, matope ya mlipuko wa kale, kisha lava tena. Maji yanaweza kukaa juu ya tabaka moja na kukimbilia upande usioutarajia. Kwa hiyo orodhesha kwanza kila kisima kilichoko ndani ya kilometa moja pande zote, kisha ndipo utafute mwelekeo, usije ukachora mshale kabla ya kupima.

#4 Kahawa Chungu

Mzee umenikosesha hamu ya chapati.

Mwanzisha uzi, kabla hujamwandama mwenye sheli, fanya jambo dogo. Chota maji, yaache yatulie kwenye beseni, na ukiona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua, upasue kwa kijiti. Utando ukikatika vipandevipande vyenye kona, kama kioo kilichovunjika, na vipande vikabaki vimeachana, hao ni bakteria wa chuma, hawana uhusiano na mafuta. Ukizunguka na kuungana tena nyuma ya kijiti, hayo ni mafuta. Nyumbani kwetu Usa River tuliwahi kuwagombeza vijana wa bodaboda mwezi mzima kwa ajili ya utando uliokuwa wa bakteria.

#5 Jirani wa Korongo

Asanteni. Nimefanya cha kijiti jioni hii. Utando wa kisima chetu umezunguka na kuungana. Wa kwenye chemchemi ya korongoni umekatika vipandevipande. Sasa nina majibu mawili kwa swali moja.

#6 Meno ya Chai

Nyote mmesahau jambo ambalo kila mwenyeji wa mkoa huu analijua. Maji ya chini ya Meru yana floraidi, madini yanayotia meno madoa. Mimi nimekulia Maji ya Chai, na mto wenyewe ulipewa jina kwa rangi yake, na meno yangu yanafanana na jina la mto. Kiwango kinachoruhusiwa Tanzania ni miligramu 4 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Tafuteni floraidi kwanza.

#7 Maabara ya Tatu

Naomba kusahihisha. Kiwango cha 4 ni cha zamani. Zamani zaidi tuliruhusu hata 8, kwa kuwa hatukuwa na maji mengine. Tangu kiwango cha maji ya kunywa kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita, sawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Pia floraidi haina harufu wala ladha, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo iliyomwagisha uji wa mama mkwe.

Hata hivyo hoja ya kupima vyote viwili ni nzuri, mradi usichanganye chupa. Sampuli ya floraidi huwekwa kwenye chupa ya plastiki. Sampuli ya petroli huwekwa kwenye chupa ndogo ya kioo, ikajazwa hadi mdomoni pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, ikafungwa, ikawekwa kwenye barafu gizani. Ukiacha nafasi ya hewa, sehemu ya benzini, ile kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli, hupanda humo, na maabara inakupimia maji ambayo umekwisha kuyasafisha bila kujua. Benzini mwongozo wake ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi kidogo mno, na pua hukosa kuinusa hata inapokuwa imezidi kiwango. Usiseme kisima cha jirani ni salama kwa sababu hakinuki.

Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha. Uliza kwanza kama wanapokea kipimo unachokitaka, na chupa uchukue kwao.

#8 Meno ya Chai

Nimekubali kuhusu 1.5. Kuhusu meno yangu sijakubali.

#9 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo Mzee wa Miamba, na habari za wengine. Mimi ni mwalimu Moshi, na nataka kumwambia mwanzisha uzi kwamba shule haihesabiki kama kisima kinavyohesabika.

Mwaka juzi tuliletewa fomu ya kujaza chanzo cha maji cha shule. Mwalimu mkuu aliandika "bomba", kwa kuwa bomba lipo, na lina koki nzuri ya shaba. Maji ya bomba hilo hutoka siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunatumia kisima chenye kibao cha marumaru cha wafadhili, ambacho hakuna mtu ofisini mwenye karatasi inayoonyesha kina chake wala tabaka gani la mwamba linatoa maji. Na kisima kikiharibika pampu, kila mwanafunzi anakuja asubuhi na dumu la lita tano kutoka kwao.

Siku moja nilisimama langoni na daftari, nikamuuliza kila mtoto wa darasa la nne dumu lake limejazwa wapi. Watoto 52 walinitajia mahali 19. Kuna aliyeteka kwa bibi yake, kuna aliyeteka msikitini, kuna aliyeteka kwenye mfereji wa umwagiliaji na hakutaka kusema mpaka wenzake walipomcheka. Madumu yote yalimiminwa kwenye pipa moja la jikoni, na uji ukapikwa hapo. Kwa hiyo shule ambayo haina kisima chochote ndani ya duara lako inaweza kuwa inakunywa kila kisima kilichomo ndani ya duara.

Nakushauri usiishie kuuliza shule iko wapi, uulize maji yao yanatoka wapi siku bomba likikatika.

#10 Fundi wa Pampu

Mwalimu amenena. Naongeza: hesabu na maboza. Boza linajaza kwenye kisima kirefu kilicho karibu na sheli yako, kisha linapeleka maji kwenye harusi, kwenye ujenzi, na kwenye hosteli upande wa pili wa mji. Kwenye duara la Mzee huyo mnywaji haonekani.

#11 Mzee wa Miamba

Marahaba mwalimu, na asante kwa daftari lako. Nakiri kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusimama langoni pa shule. Tulikuwa tunapiga alama ya shule kwenye ramani na kuendelea.

#12 Mkazi wa Ngaramtoni

Mnaizungumzia sheli kana kwamba Arusha haijawahi kuwa na mashamba ya kahawa. Sehemu kubwa ya kusini na magharibi ya mji ilikuwa mashamba ya walowezi, na kila shamba lilikuwa na ghala la dawa: mrututu kwa ajili ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, na baadaye viuatilifu vya kila namna. Maghala yamebomolewa, viwanja vimepimwa, nyumba zimejengwa, na mwenye nyumba hajui kwamba sebule yake iko juu ya sakafu ya zamani ya ghala. Nchi hii inao mfano wa Vikuge, kule Kibaha, ambako DDT na viuatilifu vingine vilivyokwisha muda vilikaa shambani na kuharibu udongo. Mimi ningetafuta wazee waliokuwa vibarua wa shamba na kuwauliza ghala lilikaa wapi.

#13 Kahawa Chungu

Mkazi wa Ngaramtoni, dawa nyingi za zamani kama DDT hung'ang'ania udongo na hazipendi maji, kwa hiyo kwenye kisima cha mita 14 ningezishuku baadaye. Harufu anayoieleza ni ya mafuta.

#14 Mkazi wa Ngaramtoni

Dawa nyingine ziliyeyushwa kwenye mafuta kabla ya kupulizwa, na mafuta yenyewe hayang'ang'anii udongo kama DDT. Harufu ya mafuta inaweza kuwa harufu ya kiyeyushio. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema tusifunge mlango.

#15 Binti Themi

Samahani, mimi si mtaalamu. Sheria si inasema mita 60? Kama sheli iko mita 250, si imetimiza masharti mara nne?

#16 Wakili wa Barazani

Dada, mita 60 zinatajwa katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na zinahusu shughuli za kudumu za binadamu kandokando ya mito, maziwa na vyanzo vya maji. Ni hifadhi ya ukingo. Haimaanishi kwamba tangi linalovuja likiwa mita 61 limepata cheti cha usafi. Anayesimamia vituo vya mafuta ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na uchafuzi wa mazingira unapelekwa kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC), ambao nao wana ofisi ya kanda Arusha. Mwanzisha uzi, andika barua, weka tarehe, acha nakala ofisi ya mtendaji wa kata ipigwe mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana faili.

#17 Jirani wa Korongo

Nimewaelewa. Nina swali la dharura. Shemeji yangu anataka kushuka kisimani Jumamosi kutoa tope, anaamini tope ndilo limeshika harufu. Amesema atatanguliza mshumaa kupima hewa, kama wachimbaji walivyofanya zamani.

#18 Mzee wa Miamba

Mzuie leo hii. Kama ni petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, umelala juu ya maji kama ukungu, na mshumaa utakaoshuka humo utakuwa ndio kiberiti. Hata bila moto, mtu anaweza kupoteza fahamu kabla hajafika chini, na anayemfuata kumwokoa anapotea naye. Asishuke mtu. Funika kisima, usiwashe moto jirani, na msitumie maji hayo kuoga kwenye bafu lililofungwa.

#19 Mama Wawili

Na kuchemsha? Sisi tunachemsha kila kitu na kutia WaterGuard.

#20 Maabara ya Tatu

Mama, kuchemsha na klorini ni kwa ajili ya vijidudu, na kwa hilo endelea. Floraidi na naitreti hazipungui kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, zinakuwa nzito zaidi. Benzini hupanda na mvuke, lakini inapandia jikoni kwako, unaivuta kwa pua badala ya kuinywa. Mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto, unatoa floraidi vizuri, lakini haukutengenezwa kwa ajili ya petroli. Kwa sasa tafuteni maji mahali pengine.

#21 Meno ya Chai

Hapo ndipo nilipokuwa napaelekea. Maji ya mahali pengine ni yapi? Akiacha kisima kifupi atamwita mwenye mtambo amchimbie kirefu, na huku kwetu ukishuka zaidi mara nyingi floraidi inapanda. Tunamtoa kwenye petroli tunampeleka kwenye mifupa iliyopinda. Nimeona watoto wa Ngarenanyuki na Oldonyosambu wenye miguu ya matege, si jambo la kucheka.

#22 Mwalimu wa Zamu

Ni kweli, ndugu yangu. Lakini tusitumie meno ya wanafunzi kama ramani ya maji. Madoa huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, kwa hiyo jino la mtoto wa darasa la sita linakueleza maji aliyokunywa akiwa mdogo, pengine wilaya nyingine kabisa. Tena huku Kilimanjaro madaktari wa meno walikuta watoto wenye madoa katika maeneo ambayo maji yake yana floraidi kidogo, na wakataja magadi tunayopikia makande na kiburu. Wengine walitaja mwinuko wa mahali.

#23 Meno ya Chai

Mwalimu, ukigusa kiburu umegusa Wachaga wote wa jukwaa hili. Mimi simo.

#24 Jirani wa Korongo

Nimerudi baada ya wiki mbili. Shikamooni wakubwa, na asanteni. Shemeji hakushuka, amenuna, lakini yu hai.

Nilimchukua kijana mmoja wa mkokoteni kwa siku mbili, nikamlipa kama mzigo wa kawaida. Visima 7 vya mwenyekiti vimekuwa 31. Vinne vimo ndani ya nyumba, mfuniko uko chini ya zulia. Kimoja kiko chini ya sakafu ya jiko la chekechea. Mama anayeiendesha alisogeza mtungi wa gesi, akainua bati, na tukaona maji yanang'aa kama mita tisa chini. Kiko tangu nyumba ilipokuwa ya kuishi, na hakijaandikwa popote. Shule ya msingi haina kisima, ina bomba, na watoto wana madumu kama Mwalimu alivyosema. Madrasa mbili zinateka kwenye kisima cha jirani wa tatu kutoka kwetu.

Kisha mwelekeo. Nilipima kina cha maji kwenye visima vitatu kwa kamba yenye kokoto iliyofungwa kwenye kopo, kwa kusikiliza linapogusa maji. Mwinuko wa simu ulinidanganya: uliniambia geti letu liko juu ya paa letu. Basi mafundi wawili wa ujenzi walinisaidia kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe wanaosawazishia msingi, wakahamisha kiwango kutoka mdomo wa kisima kimoja hadi kingine kwa vigingi, asubuhi nzima. Nilipotoa hesabu, maji hayashuki kusini moja kwa moja, yanaelekea kusini-magharibi. Shule ya msingi imekaa pembeni ya mstari. Chekechea iko juu ya mstari kabisa.

Lakini kinachonisumbua ni hiki. Harufu kali kuliko zote haiko kwetu. Iko kwenye kisima kirefu cha boza, ambacho kiko juu ya sheli, upande wa mlimani. Mafuta yamepandaje mlima?

#25 Mzee wa Miamba

Kazi nzuri sana, na mpira wa maji ni kifaa ambacho wataalamu wengi wamekidharau. Kuhusu mlima, kisima kinachovutwa siku nzima kwa pampu kubwa huchimba shimo katika maji, na maji ya pande zote huingia humo, hata yaliyokuwa yanashuka. Kama boza linajaza kutwa, linaweza kuwa limegeuza mteremko. Hiyo inaiacha sheli yako palepale kwenye orodha ya washukiwa.

#26 Mkazi wa Ngaramtoni

Au ghala la shamba lilikuwa juu huko.

#27 Kahawa Chungu

Au gereji. Harufu ilianza na masika. Maji ya mvua yanaosha uwanja wa gereji na kuingia kwenye kisima kisicho na kingo.

#28 Mzee wa Miamba

Masika yanaeleza vyote viwili. Maji ya chini yakipanda, yanaigusa petroli iliyokuwa imenasa kwenye udongo mkavu wa juu na kuiamsha. Nitakumbusha pia ile kambi ya jeshi ya Lejeune, North Carolina, Marekani, ambayo maji yake ya kunywa yalichafuliwa. Visima vilivyochafuka zaidi vilifungwa mwaka 1984 na 1985, na sehemu mojawapo ya uchafu ilitoka kwa dobi la nguo lililokuwa nje ya uzio wa kambi. Chanzo kilikuwa upande ambao wakazi hawakuwa wanautazama.

#29 Binti Themi

Kwa hiyo ni sheli, gereji, ghala, au dobi? Nimekuja na swali moja, naondoka na manne.

#30 Fundi wa Pampu

Naomba mniruhusu niwashushe kidogo. Pampu nyingi za kuzamisha zina mota yenye mafuta ndani. Sili ikichakaa, mafuta yanatokea kisimani, na mwenye kisima anaapa kuwa ameletewa na jirani. Nimetoa pampu za namna hiyo zaidi ya mara moja, unazipandisha zimelowa utelezi. Jirani wa Korongo, pampu yenu ina umri gani? Na kisima cha boza kinaendeshwa kwa umeme wa TANESCO au kwa jenereta?

#31 Jirani wa Korongo

Yetu ni ya mwaka jana, nilinunua mpya dukani, na ni ya juu, haizami. Ya boza inaendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Imekaa kwenye kibanda cha mabati, kama hatua tatu kutoka mdomo wa kisima, na chini yake udongo ni mweusi. Niliuona, nikadhani ni kivuli.

#32 Maabara ya Tatu

Dizeli na petroli ni vitu viwili, na maabara inaweza kuvitofautisha. Chukua sampuli za visima vitatu siku moja: chenu, cha boza, na cha chekechea. Usichukue chenu peke yake. Kwa kile cha boza acha pampu itembee kwanza, ili usipime maji yaliyolala kwenye bomba.

#33 Mwalimu wa Zamu

Na chekechea wanakunywa nini tangu ulipoinua bati?

#34 Jirani wa Korongo

Mwalimu, jikoni wameweka ndoo mbili, moja imeandikwa "uji" na nyingine "sakafu". Ya uji inajazwa na boza.

#35 Mwalimu wa Zamu

Boza lile lile?

#36 Jirani wa Korongo

Ndilo. Nimempigia simu mama wa chekechea sasa hivi, amemwaga. Kesho asubuhi mtendaji wa kata na mimi tunakwenda kwenye kibanda cha jenereta.

#37 Fundi wa Pampu

Beba kitambaa cheupe cha kufutia mdomo wa kisima, na mwambie mtendaji aache sigara nyumbani.